Mwokaji na Panya wa Matete

Durk Anema alizima tanuri yake kwa mara ya mwisho mwezi wa Machi, na ilipofika Mei mkewe Baukje alikuwa ameshamchoka.

Si kwamba hawakupendana. Walipendana sana, ila kwa miaka yote ya ndoa yao Durk alikuwa mtu wa kuamka saa tisa usiku, kuoka hadi kuche, na kulala mchana, hivyo mchana nyumba ilikuwa ya Baukje peke yake. Sasa kila akigeuka anamkuta mwanamume jikoni. Durk alimpangia upya kabati la vikombe bila kuombwa. Akinoa visu, ananoa mpaka vya siagi. Na Baukje akikanda unga wa keki, mumewe anakuja kusimama nyuma yake, mikono kaifunga mgongoni kama mkaguzi wa shule.

"Unaguna nini?" Baukje akamuuliza siku moja.

"Siguni."

"Umeguna, nimekusikia."

"Siagi imekuwa ya baridi kidogo, basi. Sikusema kitu."

Baukje akaweka mwiko chini. "Durk, mume wangu, nakupenda. Lakini ukiguna tena humu ndani nitakukanda wewe."

Wiki ile ile Baukje aliona tangazo limebandikwa kwenye mlango wa duka la kijiji. Lilisema kwamba kila Jumatano asubuhi kuna shughuli katika ukumbi wa kijiji chao cha Eastersyl, watu wote wanakaribishwa, na kahawa ipo. Ni shughuli gani hasa, hakujisumbua kusoma. Alirudi nyumbani akamtolea Durk koti lake.

"Jumatano unakwenda ukumbini."

"Kufanya nini?"

"Kunywa kahawa. Na usirudi kabla ya saa sita."

Durk akaenda. Alikuta meza ndefu imetandikwa magazeti, na watu kama wanane hivi wameinamia sahani, wamenyamaza kama wako mtihanini. Mwenye shughuli alikuwa Hiltje Boersma, aliyefundisha elimu ya viumbe katika sekondari ya mjini mpaka akastaafu, mwanamke mwembamba mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba shingoni. Kijiji kizima kilimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha. Pembeni yake alikaa Gosse Kooistra, mfugaji wa ng'ombe, mtu wa mashavu mekundu ambaye hakuwahi kupitwa na nafasi ya kumtania mtu.

Mwalimu Hiltje akamwekea Durk sahani. Juu yake kulikuwa na kitu cheusi, kirefu kama kidole gumba, kikavu, chenye mng'ao kidogo.

"Hiki ni nini?" Durk akauliza.

"Kitonge cha bundi. Kimetoka ghalani kwa Gosse."

Bundi mweupe wa ghalani hana habari za kutafuna. Mawindo yake anayameza mazima mazima, kichwa kikitangulia, na baada ya saa kadhaa anatema kile ambacho tumbo limeshindwa kukisaga: manyoya na mifupa, vimeshikamana kama kitonge cha ugali kilichosahauliwa ndani ya soksi. Ukikifumua polepole unapata mafuvu, na ndani ya mafuvu mna meno, na meno yanakwambia nani anaishi katika mashamba yako. Hakuna haja ya kutega mtego hata mmoja. Bundi ndiye anayefanya kazi usiku kucha, wewe unakuja asubuhi kusoma.

"Kwa hiyo humu ndani mna…" Durk akaanza.

"Panya," akasema Mwalimu. "Na virukanjia. Na mara moja moja fuko mchanga."

"Mwokaji!" Gosse akapiga meza kwa furaha. "Leo umeletewa maadui zako wote, na wameshakufa tayari!"

Ukumbi mzima ukacheka, maana hakuna aliyekuwa hajui vita vya Durk na panya. Maisha yake yote katika ile biashara aliwatega, akawawekea sumu, akafuga paka wawili wakorofi, akaziba matundu kwa saruji, na bado waliingia. Siku moja mkaguzi wa afya alikuwa anafungua pipa la ngano mbele ya wateja, na panya akatoka humo akapita juu ya kiatu chake, tena taratibu, kama mwenye duka. Durk alikaa mwezi mzima bila kuonekana kanisani.

Angeondoka palepale, lakini kahawa yake ilikuwa bado moto. Akachukua kibano, akaanza kufumua. Fuvu la panya ni jepesi kuliko ganda la yai la ndege, na vidole vya Durk vilikuwa vimekuzwa na miaka ya kukanda unga. Dole gumba lake moja lilitosha kwa mawili ya Mwalimu. Fuvu la kwanza alilolipata lilipasuka. La pili likawa vumbi.

"Kasaga!" Gosse akatangaza. "Amezoea kazi, jamani, msimlaumu. Anatafuta unga."

Mwalimu Hiltje hakucheka. Alimletea kibano cha plastiki, laini, na bakuli la maji ya vuguvugu. "Kilowanishe kwanza. Usikivute. Kiachie kifunguke chenyewe."

Durk akasubiri. Yeye kusubiri alijua. Nani amsubirishe mtu aliyesubiri hamira kila usiku wa maisha yake? Kitonge kikalegea, manyoya yakaelea, na kutoka humo ikatokea taya ndogo, si ndefu kuliko punje ya mchele, yenye meno mekundu kwenye ncha, kana kwamba mwenyewe alikuwa ametoka kunywa divai.

"Huyu ni nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kirukanjia. Wekundu ule ni chuma. Unafanya meno yawe magumu, maana anakula usiku na mchana, asipokula saa chache anakufa."

Durk akaigeuza ile taya chini ya taa, akaigeuza tena. Aliporudi nyumbani ilikuwa saa saba na nusu. Baukje alikuwa amemwekea chakula, na kilishapoa.

"Nilikwambia usirudi kabla ya saa sita, sikusema uhamie huko," akamwambia. Ila alikuwa ameoka keki kwa amani, na hakukasirika.

Basi ikawa hivyo. Kila Jumatano Durk anapanda baiskeli, anapigana na upepo wa mashambani mpaka ukumbini. Na kila Jumatano, mtu akimaliza sahani yake, Mwalimu Hiltje anauliza lile lile: "Hakuna mwenye pembetatu nne?"

Alikuwa anamtafuta panya wa matete. Panya wa nyasi wa kawaida wako wengi kupita hesabu, kila shamba la Friesland, hapa kaskazini mwa Uholanzi, limejaa wao. Lakini kuna mwenzao mmoja, mnene kidogo, mweusi kidogo, anayeishi kwenye matete yaliyolowa maji ambako wengine hawathubutu. Pakikauka, wale wa kawaida wanahamia na kumfukuza. Miaka nenda rudi watu walikausha mabwawa, na yeye akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka akabaki sehemu chache tu nchini. Pale Eastersyl mara ya mwisho kuonekana, Mwalimu Hiltje alikuwa bado msichana aliyeanza kazi juzi. Na kumtambua kwake ni kwa jino moja tu la taya ya chini: ukilitazama kwa juu kupitia lenzi, lina michoro ya pembetatu. Panya wa kawaida ana tano zilizofungika. Yeye ana nne.

"Kwa nini unamtaka hivyo?" Durk alimuuliza siku moja wakisafisha sahani.

Mwalimu akafikiri. "Kwa sababu ni wa hapa. Alikuwepo kabla ya kanisa, kabla ya ng'ombe, kabla yetu. Sitaki tuwe sisi tuliomzimia taa."

Jumatano iliyofuata Durk aliomba vitonge vya kuchambua nyumbani. Gosse akamjazia trei la mayai.

Baukje alilifungua lile trei juu ya meza ya kulia akidhani ni mayai kweli.

"Durk! Hiki nini?"

"Vitonge."

"Vimetoka wapi?"

"Mdomoni mwa bundi."

"Na kabla ya mdomoni vilikuwa wapi?"

Durk akajikuna shingo. "Tumboni."

"Kitu kilichotoka tumboni kikapitia mdomoni kina jina lake, na hakikai kwenye meza ninayolia chakula. Toa."

Durk akahamia nyuma ya nyumba, kwenye chumba cha tanuri, akaweka kiti mbele ya meza yake ya zamani ya kukandia. Huko alikuwa mwenyewe na redio yake. Baukje mara nyingine alimpelekea chai, akasimama mlangoni, akamnyooshea kikombe kwa mkono mrefu kama anayemlisha mbwa asiyemfahamu.

Shida ya chumba kile ilikuwa taa. Kwa kufumua ilitosha, kwa kuhesabu pembetatu haikutosha. Basi siku moja ya Novemba, Baukje akiwa juu anapiga pasi, Durk alinyata hadi dirisha la jikoni akiwa na taya moja kwenye kisosi. Akaweka lenzi jichoni. Akahesabu. Akatoa lenzi, akaifuta kwa shati, akahesabu tena. Nne.

Mtu mwingine angepiga simu. Durk alihisi habari kama ile haifai kupita kwenye simu. Akakiacha kisosi palepale dirishani, akatoka bila kofia, akaenda kwa baiskeli hadi kwa Mwalimu Hiltje upande wa pili wa mfereji, na mvua ikimpiga usoni hakuisikia.

Waliporudi wawili, wanahema, jikoni kulikuwa kunanukia sabuni. Baukje alikuwa anakunja waya wa mashine ya kufyonza vumbi.

"Kisosi kiko wapi?" Durk akauliza.

"Nimekiosha."

"Na kilichokuwa juu yake?"

"Kulikuwa na kauchafu fulani. Na dirisha zima limejaa unywele unywele wa sijui nini. Nimefyonza." Akawatazama, mmoja baada ya mwingine. "Nini? Mbona mmekuwa hivyo? Mwalimu, kaa chini, umekuwa mweupe."

Durk alivuta kiti akakaa yeye. Hakupiga kelele, hakulaumu, alikitazama tu kile kisosi kisafi kwenye kichanja cha vyombo. Hilo ndilo lililomuumiza Baukje. Ugomvi angeuweza. Mume aliyenyamaza namna ile hakuwahi kumwona, hata siku ya mkaguzi.

"Ilikuwa ndiyo ile?" akauliza polepole. "Ya pembetatu nne?"

"Ndiyo ile."

Baukje akafungua mashine, akachomoa mfuko wa vumbi, akatangulia. "Haya, twende kwenye meza yako. Haijatoka nje ya nyumba hii."

Wakatandika magazeti juu ya meza ya kukandia, wakaupasua mfuko kwa mkasi. Likatoka bonge la kijivu, kubwa kama mkate wa kilo mbili. Mwalimu Hiltje alilitazama, na taratibu akaanza kutabasamu.

"Jamani, hiki nacho ni kitonge. Nyumba yenu imemezwa yote, imetemwa hapa."

Wakaanza kuchambua watatu. Ikapatikana sindano. Ikapatikana hereni ambayo Baukje aliililia tangu harusi ya binti yao. Zikapatikana nywele za rangi tatu, ingawa nyumba ile ilikuwa na watu wawili. Kisha Baukje akainua kitu kwa kibano chake cha nyusi, akakileta karibu na macho.

"Durk. Hii ni karanga."

"Sijui imefikaje."

"Ina chumvi. Na hii hapa nyingine. Na hii. Daktari alikwambia nini kuhusu karanga za chumvi?"

"Labda ni za zamani."

"Mfuko nilibadilisha wiki iliyopita."

"Bundi hafichi kitu," akasema Mwalimu Hiltje, kauinamisha uso wake kabisa ili wasimwone anavyocheka.

Ni Baukje aliyeipata. Ilikuwa imejiviringisha ndani ya uzi wa sweta, nzima, jino likiwa mahali pake. Hakumpa mtu. Alimwomba mumewe lenzi, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, na wao wakamsikia akihesabu kwa kunong'ona: moja, mbili, tatu, nne. Alikaa pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kuhesabu nne.

"Kametengenezwa vizuri," akasema mwishowe. "Hebu angalia. Kama lesi."

Jumatano iliyofuata, ukumbini, Durk aliingia na mke.

Haikumchukua Baukje muda. Kabla ya Krismasi alikuwa anatofautisha taya kwa jicho tupu, na alishaanza kuwaelekeza watu jinsi ya kukaa. Durk aliendelea kuvunja mafuvu. Gosse akaanza kumwita "mume wa Baukje", na Durk wala hakuona vibaya. Walikuwa wakirudi nyumbani kwa baiskeli bega kwa bega wakibishana kuhusu meno, na siku hizo hata mambo ya siagi hayakuzungumzwa tena. Katika majira yale ya baridi walipata taya nyingine ya pembetatu nne, na mwezi wa Februari ya tatu.

Lakini Mwalimu Hiltje hakufungua chupa ya kusherehekea. "Bundi ana mabawa," alisema. "Anaweza kuwa amemkamata mbali, akaja kumtema hapa. Ninachotaka ni kumwona akiwa hai, kwenye ardhi yetu."

Akaandika maombi ya kibali cha kutega, maana kiumbe yule analindwa na sheria na huwezi kumshika ovyo. Kibali kikaja, na mwisho wa Agosti wakawa tayari. Mitego ilikuwa visanduku vya bati visivyomdhuru mnyama, vyenye majani makavu ya kulalia na chakula cha kumtosha mpaka afunguliwe. Mahali walipopachagua ni ukanda wa matete wa Gosse, kwenye ukingo wa ziwa la Wite Mar. Kila majira ya baridi Gosse alikuwa akiyafyeka matete yote hadi mwisho, na kila mwaka alitishia kupajaza udongo apande nyasi.

Chakula cha mitego alikishughulikia Durk. Kitabu cha maelekezo kilitaka shayiri na kipande cha tofaa. Durk aliona hiyo ni aibu. Alichanganya shayiri, karoti iliyokwaruzwa, tofaa na siagi ya karanga, akavifinyanga vimkate vidogo kama ncha ya kidole, akawasha tanuri ambayo haikuwashwa tangu Machi ya mwaka uliotangulia.

Gosse alikuja na trekta kuchukua mitego, akakuta chumba kizima kinanukia.

"Subiri kwanza," akasema. "Miaka arobaini umewatilia sumu, leo unawaokea mikate?"

"Wale walikuwa wezi. Hawa ni wageni wangu."

Gosse akachukua kimkate kimoja, akakitupa mdomoni, akatafuna akitazama dari. "Chumvi imepungua."

"Hawaruhusiwi chumvi," akasema Baukje. "Na mwenzao mmoja ninayemjua pia haruhusiwi."

Siku za kwanza zilikuwa za kukatisha tamaa. Waliamka na jua, wakapanda na Gosse mashua yake bapa, wakaisukuma kwa mti ndani ya matete, wakafungua sanduku baada ya sanduku. Walikuta virukanjia wenye hasira. Wakakuta sanduku limejaa konokono wasio na magamba, wamelala juu ya mkate wa Durk wameshiba hoi. Wakakuta masanduku mengi matupu. Baukje alizama tope mpaka magotini, akapoteza buti moja, akaendelea na soksi. Mwalimu Hiltje alizidi kunyamaza. Durk aliliona hilo, akawa kila siku anaoka upya, kana kwamba tatizo ni mkate.

Kisha asubuhi moja ya ukungu Baukje akainua sanduku lililokuwa mbali kabisa, pale matete yanaposimama ndani ya maji yenyewe. Hakulifungua. Alilipima mkononi.

"Hili lina mtu," akasema.

Wakamtoa taratibu kwenye sanduku, wakamtia ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa mweusi kahawia, mnene, amelowa kidogo, na mkia wake ulikuwa mrefu kuliko wa panya wa nyasi. Mwalimu Hiltje alivaa miwani, akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Siwezi," akasema. "Nitamwangusha. Durk, mshike wewe. Nyuma ya shingo, ngozi peke yake."

Durk akaingiza mkono. Panya naye hakungoja kutambulishwa. Aligeuka akamng'ata kwenye dole gumba, meno yakazama.

"Ananing'ata!"

"Usimwachie!" wanawake wote wawili wakasema kwa pamoja.

"Simwachii! Pimeni haraka!"

Mwalimu akapima mkia, akapima mguu wa nyuma, akapima tena. Damu ilimchuruzika Durk mpaka kwenye saa yake. Aliuma meno, akamtazama yule aliyemng'ang'ania. Katika maisha yake alishazoa panya wengi kwa sepetu ya vumbi, wamekufa, wamekauka, na hakuwahi kushika hata mmoja aliye hai. Huyu alikuwa wa moto. Moyo wake ulipiga mbio chini ya kidole cha Durk hata usingeweza kuhesabu, na masharubu yalikuwa na matone ya ukungu.

"Basi, basi, baba," akamwambia panya kwa sauti ndogo. "Tunamaliza sasa hivi. Utakwenda kwako."

Baukje alimsikia, lakini hakumtania. Alimshikia mfuko.

"Vipimo vinakubali," akasema Mwalimu Hiltje. "Lakini nataka uhakika usio na mjadala. Kwenye sanduku amebakiza mavi. Tutayapeleka maabara."

Wakamweka chini penye matete. Alikaa kidogo, akajifuta uso kwa mikono miwili, akatumbukia majini akaogelea zake. Kwenye mashua Baukje alimfunga mumewe kidole kwa leso, akalivuta fundo kwa nguvu, akambusu juu ya lile fundo. Gosse aliyekuwa anasukuma mashua akatazama pembeni.

Maabara ilichelewa. Kila simu ikilia, Baukje alikuwa wa kwanza kuifikia, na jamaa kadhaa walistaajabu kupokelewa kwa swali la mavi kabla ya salamu. Jibu lilipokuja hatimaye, Durk alikuwa juu ya ngazi anasafisha mfereji wa paa. Alimsikia mkewe akipiga kelele bustanini hadi majirani wakafungua madirisha.

"Ni yake! Durk! Mavi ni yake!"

Mikate ya sukari ya siku ile Durk aliioka mwenyewe, mikubwa sita, ya kuutosha ukumbi mzima. Mwalimu Hiltje alipewa nafasi ya kusema maneno machache, akasimama, akavua miwani, akaivaa, akakaa tena bila kusema hata moja, na watu wakampigia makofi kuliko kama angehutubia. Kisha Gosse akakohoa. Alisema amefikiria kuhusu yale matete. Kuyafyeka yote ni kazi ngumu, na mgongo wake siku hizi haumruhusu, kwa hiyo nusu atayaacha yasimame, na ile habari ya udongo wasahau.

"Mgongo wako?" Baukje akamuuliza. "Juzi si nimekuona umebeba ndama?"

"Ndama hana uzito," akasema Gosse, akakata kipande kingine cha mkate.

Sasa wanazunguka vijiji vya jirani pia, kwa sababu Mwalimu Hiltje anataka kujua ukanda wa panya wa matete unaishia wapi. Wiki iliyopita walikuwa kwenye mnara wa kanisa la kijiji cha pili, ambako bundi wamejenga juu ya kengele. Ngazi ni ya zamani na inalia. Durk alitaka kupanda yeye. Baukje akamwambia kwa uzito ule atakwenda kuipiga kengele ya watu siku isiyo ya ibada. Akapanda mwenyewe, ndoo mkononi, sketi kaichomeka kiunoni, na Durk akabaki chini ameishikilia ngazi kwa mikono miwili.

"Vitonge vipo?" akaita.

"Vimejaa! Hujawahi kuona! Vipya, bado vinang'aa!" Sauti yake ilishuka pamoja na manyoya na vumbi la miaka mingi. "Durk, niletee ndoo nyingine. Na usiniangalie, shikilia ngazi."

"Nikuletee ndoo au nishikilie ngazi?"

Kichwa kikachungulia huko juu, kimejaa vumbi.

"Vyote viwili," akasema Baukje.